Kishikwambi Kilichokumbuka Kwao

Mwanamke aliyeletwa kutoka mahabusu alikuwa pekupeku. Inspekta aliliona hilo kabla hajamtazama usoni, kwa kuwa alizoea kuanzia chini kwenda juu. Uso unafundishika, alipenda kusema. Miguu ni migumu kufundisha.

"Viatu vyako viko wapi, binti?"

"Viko kwa fundi, Afande. Ukanda ulikatika."

"Ukaja huku bila kitu?"

"Nilikuwa na kandambili za bafuni. Tulipofika getini mwenye nyumba akanivua. Akasema nazo ni zake."

Inspekta akaandika. Aliandika polepole, na kwa sababu hiyo pale kituoni walimwita Kobe. Jina alilijua na hakulichukia. Kilichomuudhi ni kiatu chake cha kulia, ambacho kililia nywee kwa kila hatua, hata wahalifu wa mtaa mzima walijua anakuja kabla hajakata kona. Ilisemekana ndiye askari pekee aliyewakamata watu waliokuwa wamekwisha kuagwa.

Mezani, ndani ya mfuko wa plastiki, kililala kielelezo chenyewe: kishikwambi cheusi, kikubwa kama ubao wa kukatia vitunguu. Kilikuwa cha mke wa yule mzee ambaye binti huyu aliajiriwa kumlea. Mke alifariki. Siku ya mazishi, nyumba ikiwa imejaa watu, kishikwambi kikatoweka. Wiki nyingi zikapita. Kisha juzi binti wa marehemu, anayeiongoza nyumba ile, akawa anatafuta mkasi, akafungua mkoba wa mlezi, akakikuta chini kabisa, kimefungwa ndani ya taulo. Akapiga simu polisi kabla hajaupata mkasi.

"Ulikiweka wewe?"

"Sikukiweka."

"Kilitembea?"

"Afande, nimelea wagonjwa tangu nilipomaliza shule. Nimeachiwa nyumba, nimeachiwa dhahabu mezani, nimeachiwa na watu wenyewe, hawajui hata kusema maji. Leo nikaibe kitu cha kusikilizia sauti?"

"Sauti gani?"

Mlezi alitabasamu, halafu akakumbuka alipo.

"Kilikuwa kinakaa jikoni, kimeegemea kopo la sukari. Mzee yuko chumbani na miguu yake mibovu, mama yuko jikoni na sufuria zake. Mzee anatuma sauti kwa simu: 'Mama watoto, chai imehama nyumba?' Mama anamjibu kwenye hicho hicho: 'Iko njiani, inakuja kwa miguu, nayo haina gari.' Siku nzima hivyo. Nyumba ya vyumba vinne, wanatumiana sauti kama mmoja yuko ng'ambo."

"Nani angekiweka mkobani mwako?"

"Ningemjua ningemtaja." Akafikiri. "Au labda nisingemtaja."

"Kwa nini?"

"Inategemea ni nani, Afande."

Inspekta akafunga daftari. Faili lilitakiwa mahakamani kesho asubuhi. Mlezi akishapandishwa kizimbani, hata akiachiwa, hakuna nyumba itakayomkabidhi tena mgonjwa. Wote wawili walilijua hilo, kwa hiyo hakuna aliyelisema. Inspekta alijaribu kuwasha kishikwambi. Kilikuwa kimekufa chaji, na waya pekee wa kituo ulikuwa na mdomo mwingine.

Akakitia kwapani, akaenda kutafuta mdomo wake.

*

Binti wa marehemu, yule mwenye nyumba waliyemwita Mama Funguo, hakupewa jina hilo bure. Rundo la funguo lilining'inia kiunoni mwake: wa stoo, wa friji, wa kabati la sukari, na wa chumba kidogo cha pembeni kilichokuwa na kisanduku cha waifai. Kisanduku kilifungiwa peke yake, kikimetameta gizani kama macho ya fisi. Katika nyumba ile hata nzi aliingia kwa kibali.

"Karibu, Afande. Sema taratibu." Mwenyewe alikuwa ananong'ona. "Baba yuko chumbani. Ameambiwa mlezi yuko likizo."

"Kwa nini?"

"Presha. Kwetu habari mbaya haziingii kwa Baba. Hata ndugu yake alipofariki tulimwambia amehama mji."

"Hapo hamkusema uongo sana," alisema Inspekta, akakaa.

Mumewe Mama Funguo aliingia na waya shingoni kama daktari na kipimo chake. Alikuwa fundi wa televisheni, na kwa kuwa hakuna chaja aliyokosa, mtaa ulimwita Bwana Chaji. Akakitazama kishikwambi, akachagua waya mmoja kati ya minne, akachomeka. Wakasubiri. Chai ikaletwa, na kabati la sukari likafunguliwa kwa ufunguo wake, likafungwa.

Kioo kikawaka. Kwanza betri. Halafu saa. Halafu, bila mtu kukigusa, pale juu pembeni yakachomoza yale matao madogo ya waifai, moja juu ya jingine. Kishikwambi kikalia ting. Kikalia tena. Kikalia mfululizo, kama mvua inayoanza kwenye bati.

"Rambirambi," alisema Mama Funguo. "Watu bado wanatuma."

Inspekta akapuliza chai yake.

"Wanamtumia marehemu?"

Bwana Chaji akapata kitu cha kutazama darini.

Kioo kilikuwa kimefungwa. Kilionyesha vidoti tisa tu, na juu yake maandishi kwamba kuna ujumbe wa sauti, bila kusema umetoka kwa nani.

"Mama alikuwa anachora kitu kwa kidole," Mama Funguo alieleza. "Tumejaribu herufi zote. Hakuna anayekijua."

"Tuuache ujumbe kwanza." Inspekta alielekeza kijiko kwenye yale matao. "Nani amekiunganisha na mtandao?"

"Kimejiunganisha chenyewe," alisema Bwana Chaji. "Ndivyo vilivyo hivi vitu, Afande. Ukikionyesha njia mara moja hakiulizi tena. Ni kama ng'ombe na zizi lake."

"Na mwenye zizi akibadilisha mlango?"

"Basi kinasimama nje kinapiga hodi, mpaka kipewe neno la siri jipya."

"Mlango wa hapa umewahi kubadilishwa?"

Hapo Mama Funguo akasahau kunong'ona. Jambo lile alijivunia.

"Nimeubadilisha mwenyewe. Wakati wa msiba kila mgeni alipewa neno la zamani. Msiba ukaisha, wao hawakuisha. Ukitoka asubuhi unawakuta majirani wamejipanga ukutani na simu zao kama kuku wanaoota jua. Nikamwambia huyu anifungulie pale pa kubadilishia, halafu nikamtoa chumbani."

"Kweli," alisema Bwana Chaji. "Mume wa ndoa, na cheti ninacho. Neno sina. Nilipanga foleni na watoto."

"Foleni ya nini?"

"Hataji neno, Afande. Unamletea simu, anakugeuzia mgongo, anaandika, anakurudishia. Benki wangemwajiri."

"Mlezi naye alipanga foleni?"

"Yule?" Mama Funguo alivuta mdomo. "Nimpe waifai, halafu Baba alelewe na nani?"

Inspekta akaweka kikombe chini bila kukiliza.

"Kishikwambi kilipotea lini?"

"Siku ya mazishi. Nimeshaandika maelezo."

"Neno ukalibadilisha lini?"

"Wageni walipokwisha kuondoka. Kama wiki baadaye..."

Maneno yakaishia hapo. Inspekta hakumsaidia. Alikuwa na mazoea ya kumwacha mtu asikie alichokisema.

"Huenda kisanduku bado kinalikubali la zamani," alisema Mama Funguo.

"Huenda. Tupime. Kuna simu humu iliyozimwa tangu kabla ya msiba?"

Bwana Chaji alikuwa na droo nzima ya simu zilizostaafu. Akaleta moja yenye kioo kilichopasuka, akaiweka kwenye umeme. Ikaamka, ikalitambua jina la mtandao, ikajaribu, ikazunguka, ikazunguka. Kisha ikaandika kwamba neno la siri si sahihi.

Inspekta akavilaza kando kwa kando, simu ya droo na kishikwambi cha marehemu.

"Hii ilikuwa mwenyeji, leo ni mgeni. Hiki kinasemekana kimetoka humu siku ya mazishi, na kimeingia bila hodi. Neno jipya kilipewa. Na kilipewa humu humu ndani, baada ya kuibiwa."

Bwana Chaji ndiye aliyedakia, na baadaye alitamani asingedakia.

"Kuna njia ya mkato, Afande. Simu iliyokwisha kuingia inaweza kuonyesha mraba wa vidoadoa. Nyingine inaupiga picha, inaingia. Neno halitajwi."

"Yako inaonyesha?"

"Inaonyesha."

"Umewahi kumwonyesha mtu?"

Bwana Chaji alimtazama mkewe kama mtu anayetazama kina cha maji. "Watoto wa jirani. Mara moja. Walikuwa na mtihani."

"Tutazungumza," alisema mkewe.

Inspekta alimgeukia. "Siku ya mazishi ulikuwa wapi?"

"Makaburini. Nilibeba jeneza."

"Na juzi, mkoba ulipofunguliwa?"

"Juu ya paa la mtu, na antena. Afande, unanitazama vibaya."

"Natazama tu." Inspekta akakigeuza kishikwambi. Nyuma yake, mahali pa jicho la kupigia picha, palikuwa na kipande cha plasta ya kidonda. Kingine kilikuwa mbele, juu ya kioo. "Hizi?"

"Za Mama," alisema Mama Funguo. "Alisema hapiki huku anatazamwa."

Inspekta alitoa miwani ya kusomea, akavikagua vile vipande ukingoni. Mafuta ya jikoni na masizi vilikuwa vimeganda juu ya kingo, mstari mmoja kutoka plasta hadi kwenye plastiki, bila kukatika. Havikuwahi kubanduliwa. Akampa Bwana Chaji miwani aone mwenyewe.

"Kipofu hapigi picha," alisema Inspekta. "Mraba wako haukuhusika. Kaa, unywe chai."

Bwana Chaji akakaa kwa furaha ya mtu aliyeachiwa na mahakama ya juu.

"Kwa hiyo neno liliandikwa kwa vidole. Na humu analijua mtu mmoja."

Mama Funguo alisimama. Funguo nazo zikasimama. "Unasema nimeiba kitu cha mama yangu?"

"Sijasema umeiba. Nimesema umeandika."

"Siwezi kushika kishikwambi cha Mama nisikijue. Siwezi."

Sauti ikatoka chumbani, ya kizee lakini yenye afya. "Nani huyo mwenye kiatu kinacholia? Kilinipita mlangoni muda ule kikiingia."

"Fundi wa umeme, Baba," Mama Funguo alijibu mbio, akaenda huko kumtuliza.

Mara tu alipotoka, Inspekta akanyoosha mkono. "Nipe simu yako. Ifanye isahau huu mtandao."

Bwana Chaji alielewa nusu, lakini alitii mzima. Akabonyeza, akabonyeza, akaitoa. Ilikuwa ndani ya kasha la maua mekundu, zawadi ya mkewe, aliyemnunulia akisema hakuna kibaka mwenye ndevu atakayeitaka.

Mama Funguo aliporudi, Inspekta alikuwa amesimama kama mtu anayeaga.

"Mama, kabla sijaondoka, na mimi niunganishie. Kuna barua natakiwa kuituma kituoni."

Hakupenda. Lakini polisi ni polisi. Akaipokea simu, akamgeuzia mgongo, bega akalipandisha mpaka sikioni. Akamtazama mumewe. Akamtazama Inspekta. Akatazama dirisha, akavuta pazia. Vidole vikacheza haraka. Akairudisha.

"Tayari."

"Ahsante. Simu yangu ina rangi gani?"

"Nyeusi," alisema Mama Funguo. "Za serikali zote ni nyeusi."

Inspekta akaiinua ile yenye maua mekundu.

Bwana Chaji alipaliwa na chai. Mama Funguo aliitazama simu ya mumewe kwa muda mrefu, kisha akakaa kwenye kiti ambacho hakuwa amekiangalia, bahati nzuri kilikuwepo.

"Wewe hutazami unachokishika," alisema Inspekta kwa upole. "Unatazama anayekutazama. Macho yote yako langoni, hakuna hata moja linalobaki mkononi. Sasa twende taratibu. Siku ile ya foleni, walikuja nani?"

"Huyu. Watoto na simu zao." Alihesabu kwenye funguo kama tasbihi. "Baba na simu yake. Nilimfuata chumbani. Halafu akanipa na redio."

"Redio?"

"Alisema redio za siku hizi nazo zinakula waifai. Ilikuwa ndani ya mfuko wa ngozi, aliushona mwenyewe, Baba alikuwa fundi viatu. Kulikuwa na uwazi wa kioo. Nikaandika kwenye uwazi. Huyu alikuwa amechungulia mlangoni, nikawa namtazama yeye..."

Inspekta alichukua kishikwambi mezani.

"Nakwenda kumwona Mzee."

"Huwezi." Alijisimamisha mbele ya mlango wa ukumbi. "Afande, nakuomba. Ukimwambia mlezi yuko ndani, presha itampanda. Nimezika mama. Sitaki kuzika tena mwaka huu."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku ile kuzungumza bila kulinda kitu mfukoni. Inspekta alilitambua hilo.

"Sitamwambia kitu," alisema. "Nitakwenda na viatu vyangu tu."

*

Mzee alikuwa ameegemea mito, na sindano kubwa ya kushonea ngozi mkononi. Juu ya msumari ukutani ulining'inia mfuko wa ngozi wenye mshono mpya, mtupu, na uwazi wa mstatili ubavuni. Redio ilikuwa dirishani, ndogo kama kipande cha sabuni. Ndani ya mfuko ule zingeingia sita.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, fundi wa umeme. Vua hicho cha kulia."

Inspekta alikuwa amehoji watu miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuanza hivyo. Akavua. Mzee akakikunja kiatu, akakisikiliza kama mganga anayesikiliza tumbo.

"Soli ya ndani imeachia. Waliweka gundi pale palipotaka uzi. Kiache." Akakiweka juu ya shuka. "Una kitu kingine, naona."

Inspekta aliweka kishikwambi kitandani, kando ya kiatu.

Uso wa Mzee ulifunguka kama dirisha.

"Kimerudi. Basi na binti amerudi."

Mlangoni, Mama Funguo alishika fremu.

"Kwa nini kirudi na binti, Mzee?" aliuliza Inspekta.

"Kwa sababu nilikitia mkobani mwake mwenyewe. Huyu hapo mlangoni alisema atakuja kugeuza godoro, na kilikuwa chini ya godoro. Mkoba ulikuwa hapa kitini. Nikasema nitamwambia binti akija na uji. Uji ukaja na mtu mwingine."

"Ulikitoa wapi?"

"Jikoni. Siku ya mazishi." Mzee alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye ile plasta. "Waliona presha yangu haifai kwenda makaburini. Nikaachiwa jirani anilinde, jirani akalala. Nikajikokota kwa mikono mpaka kwenye kopo la sukari. Nilichukua muda mrefu, lakini sikuwa na miadi."

"Baba, si ungesema," alisema Mama Funguo.

"Ningesema kwa nani? Nilikusikia ukimwahidi mjukuu kishikwambi hiki. Kitafutwa chote, kianze upya. Mwanangu, sauti zake zimo humu. Nyingine zilikuwa hazifunguki mpaka pawepo na mtandao. Ndiyo nikakuletea redio."

Akaweka kidole kwenye vidoti tisa. Akakivuta kutoka chini kushoto kwenda kulia, akapanda mshazari, akavuka, akapanda tena, vilevile kamba inavyopita kwenye matundu ya kiatu. Kioo kikafunguka.

"Nilimfundisha mimi," alisema. "Tulipokuwa wachumba alikuwa anafunga fundo la ovyo."

Ujumbe ulikuwa umepangwa mmoja chini ya mwingine, wote kutoka kwenye simu moja iliyokuwa imelala pale pale kando ya mto wake wa kulalia. Mzee aligusa wa mwisho. Sauti yake ikatoka, ikajaa chumbani, na yeye akaisikiliza kama ya mtu mwingine.

*"Mama watoto, umeamkaje huko. Hapa chai imehama tena. Mwanao ananiambia mlezi yuko likizo. Sasa nakuuliza wewe uliyekuwa na akili: likizo gani mtu anaacha viatu kwa fundi? Nimeshavimaliza. Nimekaa navyo hapa. Kuna jambo wananificha, na nikiliuliza watasema presha. Niombee nisiwe na presha."*

Kishikwambi kikanyamaza. Inspekta alikuwa amesimama na kiatu kimoja. Swali moja tu lilibaki, nalo halikuwa lake.

Mama Funguo aliingia, akakaa ukingoni mwa kitanda. Funguo zake zikagonga ubao.

"Baba. Hayuko likizo. Yuko polisi. Nimempeleka mimi. Nilisema ni mwizi."

Mzee alimtazama. Inspekta aliitazama mishipa ya shingo ya Mzee, tayari kumwita Bwana Chaji na gari. Mishipa ilibaki ilivyokuwa.

"Tangu lini?"

"Juzi."

"Na anavaa nini miguuni?"

Mama Funguo aliinamisha kichwa.

Mzee akainama kwa shida, akapapasa chini ya kitanda, akatoa ndala mbili za ngozi. Mkanda ulikuwa mpya, mshono mwembamba kama nywele. Inspekta alinyoosha mkono kuzipokea.

"Si wewe," alisema Mzee. "Yeye."

*

Kazi ya kituoni ilikwenda kwa mwendo wa Kobe. Mlalamikaji akaandika maelezo mapya, akayasoma, akayatia sahihi. Inspekta akaandika yake chini: jinsi kielelezo kilivyojiunganisha, jinsi simu ya droo ilivyokataliwa, hali ya plasta, nani alikiweka mkobani na kwa nini. Mkuu wake akasoma mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: kwa nini mguu mmoja amevaa kiatu na mwingine kandambili ya bafuni.

"Kiatu kimebaki kama shahidi," alisema Inspekta. "Kandambili nimeazimwa na mlalamikaji."

Faili la kesho asubuhi halikwenda popote.

Mlezi alipotoka, Mama Funguo alikuwa amesimama kaunta na ndala mkononi, bila mfuko, bila karatasi, watu wote wakiona. Hakuwa na hotuba.

"Baba amemaliza kuzishona," alisema.

Mlezi alizipokea, akazigeuza kuona mshono kwanza. Ndipo akazivaa. "Amekula?"

"Amekataa. Anasema chai yangu ina mlinzi."

"Nitarudi kwa ajili yake," alisema mlezi. "Mimi na wewe, dada, bado tuna mazungumzo. Leo nimechoka."

"Nitangoja."

Inspekta aliwapeleka kwa gari la kituo, kwa kuwa naye alikuwa na kiatu cha kufuata. Getini Bwana Chaji aliwafungulia, akampokea mlezi mkoba, akauinua kidogo kupima uzito. Mkewe akamtupia jicho, naye akauteremsha.

Ndipo Mama Funguo aliponyoosha mkono.

"Lete simu."

Mlezi alimtazama kwa shaka, akaitoa. Mama Funguo akaishika. Kwa mazoea mabega yake yakaanza kugeuka, bega likaanza kupanda. Kisha likashuka. Akaitazama ile simu vizuri, mbele na nyuma, kama mtu anayekutana na mgeni kwa mara ya kwanza: ya kijani, imepigwa gundi pembeni, na picha ya mtoto juu ya kioo.

"Huyu ni nani?"

"Mwanangu."

"Sikujua una mtoto."

"Hukuuliza, dada."

Mama Funguo akamrudishia simu bila kuandika chochote. "Andika mwenyewe," alisema. "Mimi nitataja."

Bwana Chaji, aliyekuwa anafunga geti, akasahau kulifunga. Upande wa pili wa ukuta, majirani wakaacha kuzungumza.

Akalitaja, herufi kwa herufi, kwa sauti ya kawaida, mpaka yale matao madogo yakachomoza kwenye simu ya kijani. Kutoka chumbani Mzee aliuliza kwa nguvu kama chai nayo imerudi kutoka likizo. Neno lenyewe halitaandikwa hapa. Majirani nao wanasoma vitabu.